Nibu ya Dhahabu Kwenye Machicha

Shangazi yangu wa Nyakatuntu alinipa kidani cha zamani cha dhahabu, umbo la nibu ya kalamu, kidogo kama punje ya mahindi. Alikivaa enzi zake za kuwaandikia vijana wa kanisani maigizo.

"Nakuazima," alisema. "Kitakuwa chako ukiniandikia hadithi."

Kukivaa nilikivaa siku ileile. Kuandika ndiko kulikochelewa. Mama aliniomba nikifiche ndani ya blauzi, majirani hapa Bugene wasije wakadhani ni hirizi. Majirani wangenionea wapi? Geti la kwetu nalijua kwa upande wa ndani tu.

Asubuhi ambayo shangazi alikuwa anakuja kuuliza hadithi yake, kaka alisimama ndani ya mtumbwi wa kukamulia ndizi, akizikanyaga kwa miguu. Kazi yangu ilikuwa kuongeza nyasi, ili zishike machicha na juisi itoke safi. Nikainama, nikainuka, najiona fundi. Juisi ilipokwisha kuchujwa ndipo nikajishika shingo. Uzi wa kidani ulikuwa umekatika, umenasa kwenye kola; nibu haipo.

"Machicha yako wapi?"

"Nimempa ng'ombe."

Nilikimbia, mara ya kwanza tangu sekondari. Ng'ombe alikuwa anatafuna. Nikavuta nyasi kinywani mwake, naye akavuta.

"Usihofu, mwandishi," kaka akacheka. "Kesho tutamfuata nyuma na ungo."

Pikipiki ikanguruma getini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona unagombania chakula na ng'ombe? Na nibu yangu?"

Nikaonyesha hori.

Heri angefoka. Alivua viatu, akakunja kitenge, akachuchumaa na kuanza kuyachambua machicha, kila fumba akilikamua kwa vidole. Kaka aliacha kucheka. Ng'ombe akameza kitu, sote tukamtazama koo.

Mara mkono wa shangazi ukasimama. Nibu hiyo, inanata, sisimizi ameshaipanda.

"Haya, lete hadithi."

Nilileta karatasi moja, ndiyo yote niliyokuwa nayo. Aliisoma amesimama. Mahali fulani alitabasamu. Sikuthubutu kuuliza ni wapi. Kisha akaifunga nibu kwenye pindo la kitenge chake.

"Umeanza vizuri. Ukimaliza niletee Nyakatuntu. Wewe mwenyewe, usimtume kaka yako."

Akaketi kunywa juisi, akaisifu. Mimi nilikuwa namnong'oneza kaka anieleze bodaboda za Nyakatuntu zinapandiwa wapi.