Trei za Njuki

Nilimsikia mama yangu akimwomba Mungu amchukue kaka yangu.

Msimhukumu haraka. Alikuwa amepiga magoti jikoni, uji umechemka mpaka unamwagika motoni, naye akisema kwa Kiembu: Baba, mtangulize Njuki, kisha urudi unichukue mimi.

Nilisimama mlangoni na ndoo ya maji, nikashindwa hata kuiweka chini.

Saratani ya mama ilikuwa imefika kwenye ini. Hospitalini walimwambia arudi nyumbani apumzike, na pale kwetu Karurumo kila mtu anajua maana ya kuambiwa hivyo.

Njuki ni mkubwa wangu, ana miaka thelathini na mbili. Alizaliwa na akili ya polepole. Anavaa mwenyewe, anachunga mbuzi, anajua majina ya watu wote wa sokoni, lakini maneno anayosema kwa siku hayajai kiganja. Mama alihofia kwamba yeye akishazikwa, ndugu za marehemu baba watamtumikisha Njuki kama punda na kumlaza zizini. Mimi Kaari nami sikuwa na la maana, nilikuwa kibarua wa hapa na pale.

Jumapili moja wakaja kanisani wale watu wa klabu ya huduma kutoka Meru, wenye fulana za manjano. Tuliwazoea kwa kupanda miti na kugawa viti vya magurudumu. Safari hii walikuwa wameongea na kiwanda kimoja cha njugu za makadamia karibu na Runyenjes, kiwaajiri watu wazima watano wenye ulemavu. Kazi ya kudumu, si ya kupigiwa picha.

Kiongozi wao, Bwana Kailemia, alieleza kwamba kila mtu atajaribiwa siku nne, na anaweza kuja na mtu wa nyumbani wa kumtuliza.

"Unakaa naye tu," alituambia. "Mikono yako isiguse kazi yake."

Mama aliposikia habari hiyo alikula bakuli zima la uji. Akaniambia, "Nikimwona Njuki na kazi yake, nitakufa bila kulia."

Sasa hebu fikiria mzigo niliobeba kuingia pale kiwandani.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchagua makadamia zilizobanguliwa. Nyeupe inabaki kwenye trei, yenye doa au tundu la mdudu inatupwa kwenye ndoo. Njuki aliichukua moja, akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, akainusa, ndipo akaiweka. Moja tu! Wenzake walikuwa washamaliza konzi nzima.

Jumatatu hiyo alijaza trei mbili. Wengine walijaza sita.

Msimamizi alikuwa dada mmoja anaitwa Winrose, hacheki na mtu. Alipita, akaangalia, akaandika kwenye karatasi yake, akaenda. Nilimwona mama akizikwa na hofu yake.

Jumanne, Winrose alipogeuka tu, nikaingiza mikono. Chap chap, nyeupe huku, mbovu kule. Njuki alinishika kiganja.

"Yangu," akasema.

Nikamwambia anyamaze, namsaidia. Jumatano akanishika tena. Alhamisi hakunishika. Alisukuma trei mbele yangu, akaweka mikono mapajani, akaangalia ukuta mpaka jioni. Nami, mjinga mimi, nilijaza kila Winrose alipogeuka, nikifurahi kwamba hatimaye ameelewa mchezo.

Ijumaa majina yalisomwa. La Njuki halikuwepo.

Nilimfuata Winrose. Nikamuuliza kama ni kwa sababu yuko polepole.

"Polepole si shida, hiyo tunafundisha," akasema, akanionyesha karatasi. "Angalia. Jumatatu trei mbili, mbovu hakuna hata moja. Huyo alikuwa namba wani hapa. Lakini kutoka Jumanne ameanza kuniletea mbovu kwa kila trei. Sasa mimi nitamwamini aje?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Niliogopa aibu, nikamshika kaka yangu mkono tukaondoka.

Nyumbani mama alikuwa ameegemezwa mito, amejifunga kitambaa chake cha kanisani. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza Njuki siku zake zilikuwaje.

Njuki alinitazama, kisha akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa mpigo mmoja.

"Kaari alininyang'anya. Mimi nilikuwa naweza."

Nikalia, nikaeleza yote. Mama alipoongea hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Miaka yote namwombea Njuki," akasema. "Kumbe wa kuombewa ni wewe, Kaari."

Jumatatu nilirudi kukiri. Winrose alinisikiliza mpaka mwisho, lakini nafasi ilikuwa imeshapewa mama mmoja wa Kiambere asiyesikia, na singeweza kuomba atolewe. Bwana Kailemia aliandika jina la Njuki la kwanza kwenye orodha ya wanaongoja.

Mama alifariki siku tisa baadaye. Simu ya kiwandani ya kumwita Njuki ilikuja siku ya kumi na nne.

Leo Njuki ana miezi saba kazini. Bado anazigeuza na kuzinusa, na Winrose humpa trei za wengine azipitie mara ya pili. Mlinzi ameagizwa mimi niishie getini. Njuki akifika hapo anaingia moja kwa moja, hata hageuki kunipungia.

Wewe uliye na mtu kama Njuki nyumbani, nakuomba, akichelewa mwache achelewe. Mimi nilimpenda kaka yangu sana, ila sikumwamini hata siku moja. Siku nne tu za kukaa na mikono yangu mfukoni zilinishinda, na mama yangu akazikwa bila kumwona mwanawe akienda kazini.