Kanali na mama wa askari wake

Juzi nilikuwa katika ofisi ya kampuni moja ya ulinzi hapa Kisangani, nikitafuta mlinzi wa duka la dada yangu. Kanali mmoja mstaafu akaingia, amevaa suti mpya, anaanza kazi ya ushauri. Kabla mkurugenzi hajamaliza kumkaribisha, mama aliyekaa kando yangu, kikapu miguuni, akasimama.

"Papa kanali, mutoto yangu alienda na wewe ku vita. Iko wapi?"

"Bon, mama, kanali iko na kazi," mkurugenzi akasema.

Kanali akamnyamazisha kwa kiganja. Akavua miwani, akaketi kwenye benchi letu.

"Mama, alikufa. Nilimuzika mimi mwenyewe, kule mashariki."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilifika mpaka ku mulango yako. Maneno ikakataa kutoka."

Mama hakulia. Aliuliza tu kama kijana wake aliita mtu alipokuwa akifa.

"Alikuita wewe," kanali akajibu.

"Basi leo nitafanya matanga yake."

Miaka yote tangu vita mama alikuwa amekataa kuomboleza, akimsubiri mwanawe arudi. Kanali akainuka kwenda naye. Mkurugenzi akauliza, kwa sauti ndogo, nani sasa atazungumza na walinzi wanaomngoja kanali uani.

Nasikia kampuni ilimchukua kanali kwa ajili ya uzoefu wake. Asubuhi ile uzoefu huo ulitoka kwa miguu, ukimbebea mama mmoja kikapu chake, na sisi tuliobaki kwenye benchi tulishindwa kutazamana.