Rubisi ya Matanga ya Mama

Baba yangu alijulikana kijijini kwetu Muleba kwa kutengeneza rubisi, na mama ndiye aliyekuwa akiionja kwanza. Mama alipofariki, baba alisema pombe ya kumaliza matanga ataitengeneza mwenyewe, asisaidiwe na mtu. Niliomba ruhusa kazini Bukoba, nikapanda basi. Nilimkuta ameshakamua ndizi, juisi imo kwenye mtumbwi wake wa gogo, mtama uliokaangwa umeshatiwa, na majani ya mgomba yametandazwa juu.

Kesho yake asubuhi aliniita. Alifunua majani upande mmoja, akainama hadi ndevu zikakaribia povu. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Inachemka vizuri," alisema, lakini hakuinuka. Kisha, bila kunitazama, "Hebu na wewe. Unasikia harufu gani?"

Sikuhitaji kuinama. Ilikuwa imenifikia tangu mlangoni: ukali wa siki, na uvundo kama wa tambara lililosahaulika likiwa bichi. Pembeni, penye ufa wa gogo, utando mweupe ulikuwa umeanza kutanda.

"Tata, imeharibika."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Ni huu ufa, haukutakata."

"Niliuosha kwa maji ya moto. Nikaunusa." Akayarudishia majani. "Nilijifanya kuunusa."

Hapo ndipo aliponieleza. Tangu alipougua kifua, mama akiwa bado mzima, pua yake haisikii kitu. Si kahawa, si moshi, wala udongo ukinyeshewa. Alidhani itarudi. Halafu mama akalazwa, na nyumba nzima ikawa inauguza. Nani angesema habari za pua?

Tulichota ile pombe kwa ndoo, tukaimwaga nyuma ya choo. Yeye alitangulia na ndoo kubwa, akikataa nimpokee.

Siku ya kumaliza matanga wageni walikunywa soda na chai. Baba mdogo aliuliza rubisi iko wapi. "Imeharibika," baba alimjibu, na jinsi alivyolisema neno hilo, hakuna aliyeuliza tena. Alihudumia watu mpaka wa mwisho alipoondoka. Tangu siku hiyo hajakamua ndizi. Zikiiva anawagawia majirani.

Jioni ile ile ya matanga, nikiosha vikombe uani, alikuja ameshika kitenge cha mama, kile cha kushindia.

"Ninusie," alisema.

Nilijifuta mikono, nikakiweka usoni. Moshi wa kuni. Sabuni ya mche. Na kwa mbali sana, kwenye pindo, yeye mwenyewe.

"Bado yupo?"

"Yupo, Tata. Lakini kidogo."

Alikichukua haraka mikononi mwangu, akakikunja, akakitia kwenye mfuko wa plastiki. Akakamua hewa yote, akafunga fundo, na juu yake akafunga lingine.