Nilivyosema Kwetu ni Kosele

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, ambayo babako huwa haitaji mbele za watu, ingawa alikuwapo. Nakuandikia leo kwa sababu juzi nilikusikia kwenye simu ukimwambia mwenzako kwamba kwenu ni Homa Bay mjini. Sikukukatiza. Nilienda nikatoa daftari langu la zamani chini ya sanduku, lile la kurasa tisini na sita, nikasoma niliyoandika nikiwa na umri wako. Nilikuwa msichana wa haya nyingi. Mdomo ulikuwa mzito, kalamu ndiyo ilikuwa nyepesi.

Nilisoma shule ya bweni huko Migori, wavulana na wasichana pamoja. Wiki ya kwanza tu, wasichana wa bweni letu walikuwa wameshajua nani katoka ziwani, na wakipita karibu naye wanaziba pua. Walikuwa wanawaita omena, jina la dagaa wa ziwani. Mimi nilizaliwa Sindo, kando ya ziwa, na mamangu alikuwa akianika omena kwenye nyavu tangu nianze kumjua. Waliponiuliza kwetu, nikasema Kosele, bara kwa wakulima. Shangazi yangu ameolewa huko, likizo moja nilikaa kwake nikapalilia mahindi, basi nikajitwalia boma la mumewe kuwa langu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwanzoni huwa imenyooka sana.

Kidato cha tatu, mwalimu wa kemia akatugawa wawili wawili, akaniweka na kijana mrefu wa Rodi Kopany aitwaye Okeyo. Ndiyo, babako. Siku hizo tulikuwa tunavuta asidi kwenye pipeti kwa mdomo, nami niliogopa kuimeza. Akaichukua bila kunicheka, akavuta yeye. Halafu akaniuliza lile swali ambalo kijana wa Kijaluo humwuliza msichana hata kabla ya jina.

"In nyar kanye?" Wewe ni binti wa wapi?

Nikasema Kosele, nikataja na ukoo wa mume wa shangazi.

Akaweka pipeti chini. "Basi wewe ni mamangu. Mama amezaliwa ukoo huohuo."

Unajua desturi yetu. Wasichana wote wa ukoo wa mamako ni mama zako, hata aliyezaliwa jana, na hakuna kuoana. Darasa zima lilisikia. Kuanzia hapo mwalimu akiniita, wavulana wa nyuma wanasema, "Okeyo, amka, mamako ameitwa." Naye anaitikia kwa heshima zote kwamba amesikia.

Kwa kuwa nilikuwa mamake, hakuna aliyetushuku. Tulisoma pamoja, tukagawana miwa, akanichongea penseli. Nami, Mungu anisamehe, nikampenda. Kuna ukurasa humu daftarini una sentensi moja tu: "Nikisema kweli atajua mimi ni mwongo, nisiposema nitakuwa mamake mpaka nife." Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nikanyamaza, mpaka ikafika siku ya wazazi.

Okeyo alikuwa amemwambia mamake kwamba shuleni kuna msichana wa kwao. Huyo mamake ndiye nyanyako. Alikuja asubuhi na kitambaa chake cha kanisa kichwani, akatandika leso kwenye nyasi, akanikalisha, akafurahi kama aliyepata ndugu aliyepotea. Akauliza mimi ni wa boma la nani. Nikamtaja mume wa shangazi. Kumbe boma analijua. Akaanza kuwahesabu mabinti wake kwa vidole, jina kwa jina, na alipofika kidole cha mwisho akakishika hivyohivyo, akanitazama.

"Na wewe uko wapi hapa?"

Kabla sijajibu nikasikia naitwa kutoka langoni. Alikuwa mamangu, na mkebe wa omena ya kukaanga mkononi. Mimi nilikuwa nimemwandikia barua kwamba siku hiyo imeahirishwa. Sijui nani alimwambia kweli. Alikuja haraka, viatu vimejaa vumbi, anatabasamu na mwanya wake wote.

"Yule anayekuita ni nani?" akauliza mamake Okeyo.

Mwanangu, nilikuwa na muda. Sitakudanganya kwamba ulimi uliteleza. Nilimtazama mamangu akija, nikasema, "Ni jirani tu."

Alikuwa ameshafika, na alisikia. Aliuweka mkebe kwenye nyasi taratibu, kama mtu aliye katika nyumba ya wenyewe. Akasalimu. Akasema ametumwa na watu wa kwetu aniletee huo mzigo. Alikuwa ananifichia uwongo wangu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mamake Okeyo akautazama mwanya wake, akautazama wangu. Akafungua mkebe, akala omena moja polepole. Kisha akasema nami kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele.

"Msichana, siku moja watu watataka kuja kwenu na ng'ombe wa mahari. Lango la babako umelifunga. Waingilie wapi?"

Akasogea, akampa mamangu nafasi kwenye leso, wakala pamoja. Mimi nilibaki nimesimama. Nilipogeuka nikamwona Okeyo nyuma yangu. Alikuwa amesikia yote. Akaenda zake.

Wiki tatu hakunisemesha. Kwenye maabara tulipima asidi kama mawe mawili. Wale wa nyuma wakamwuliza kama amekuwa yatima, hakucheka. Nilimwandikia mamangu barua ya kuomba msamaha, machozi yakaifuta mara mbili. Hakujibu kwa barua. Alituma mkebe mwingine. Nikaufungua katikati ya bweni, nikasema mbele ya wote, umetoka kwa mamangu, Sindo. Wakaziba pua. Halafu mmoja akaonja, na kengele ilipolia mkebe ulikuwa mtupu.

Jumatatu, maabarani, Okeyo akaniuliza tena, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma.

"In nyar kanye?"

"Nyar Sindo," nikasema.

Akanisukumia pipeti. "Vuta mwenyewe," akasema. "Wewe si mamangu."

Nikavuta. Sikuimeza.

Miaka ilipita kabla ng'ombe hawajaingia langoni mwa babangu. Mamake Okeyo alikuwa miongoni mwa wageni, na alimkumbatia mamangu akimwambia, "Jirani, tumefika." Wakacheka hadi wakalia. Mimi sikucheka.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema waliotutangulia. Mimi nakwambia kwa lugha ya kwetu: ukikana mlango uliotokea, hata anayekupenda hatajua pa kukujia. Kwenu ni Rodi Kopany, na mamako anauza omena sokoni. Mpigie yule mwenzako, umwambie hivyo, kabla hajakutana nami, nawe ukaniita jirani. Atakayeziba pua, mwache aizibe, atachoka, atapumua.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe ulimi usioogopa jina la kwenu, na lango letu likae wazi mpaka siku atakapolijia aliyekuuliza kweli akajibiwa kweli.