Kompyuta Inayoitwa Ukweni

Ofisini wanamwita Mama Hodi, maana hakuna programu inayopita kwake bila kubisha. Hospitali wanazozihudumia zina kompyuta kila mji, zote zinaongea zenyewe kwa zenyewe, na programu inayoziendesha imeungwa vipande vipande. Kipande kimoja kikija na ubaya wake, unasambaa kote kama umbea wa jikoni.

Kwa hiyo kila kipande kipya anakilaza kwanza kwenye kompyuta moja ya pembeni, isiyounganishwa na nyingine. Ameibandika karatasi: UKWENI. Ukweni, anasema, siku za mwanzo kila mtu ana adabu. Basi anaisogeza saa ya ile kompyuta mbele, miezi na miezi, kipande kijione kimeshakuwa mwenyeji, halafu anakitazama huku anakunywa chai.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, anaishi kwake na anaandika programu ofisi hiyohiyo. Mkataba wake ulikuwa unakwisha. Bosi alishasema: kipande chake kikianza kazi kabla ya Ijumaa, anaajiriwa moja kwa moja.

"Shemeji, hata mimi unanipeleka ukweni?"

"Wewe nakujua. Hicho ulichokileta ndicho sikijui."

"Nimekiandika mezani kwako, wewe unanimiminia chai."

"Chai nilikupa wewe, sikukipa chenyewe."

Akasogeza saa. Mwezi wa kwanza kimya, wa pili kimya. Wa tatu kikaanza kupapasa kutafuta kompyuta nyingine, kinataka majina ya wagonjwa kiyapeleke nje. Shemeji mtu akakifungua kukikagua. Kumbe katikati alichomeka kipande cha bure alichokiokota mtandaoni, wala hakukichungulia ndani.

"Nikitoe tu," akasema taratibu, "tufanye hakikuwepo."

"Kitoe. Ila bosi namwambia. Cha bure hukukiokota peke yako, huenda kiko na kwa wengine."

Akamwambia kweli. Ijumaa ikapita, kazi akapewa mwingine, shemeji akaongezewa mkataba mfupi. Nyumbani mume akawa anaongea na mkewe kupitia kwa watoto: mwambieni mama yenu alete chumvi. Shemeji naye alinuna wiki nzima, ila kula alikula. Kununa kwake hakujawahi kufika tumboni.

Juzi kaja na kipande kingine. Kakipeleka ukweni mwenyewe, kasogeza saa mwenyewe, kavuta kiti.

"Nimeweka mwaka, shemeji."

Mama Hodi akamimina chai vikombe viwili.

"Weka miwili."