Chumvi ya Elieza Ng'ambo ya Ziwa

Kaka yangu Elieza aliuza chumvi ya Uvinza pale Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, na wanawake wanaokausha samaki walimwita Mzee hata kabla hajaota mvi. Biashara ilipokua, alitaka kufungua duka la pili nje ya nchi. Alipanda maboti ya mizigo hadi Bujumbura, Mpulungu na Kalemie ng'ambo ya pili, na kila aliporudi tulikaa nyumbani kwa Mama, Gungu, tukapima ni wapi panafaa.

Mkewe Merina alitaka Zambia. "Mpulungu malori yanakuja yenyewe mpaka bandarini, na hela yao haiyeyuki mfukoni."

"Kweli," Elieza akasema. "Bujumbura ni karibu, ila mafuta ya magari yakikosekana chumvi inalala. Kalemie barabara mbovu, na faranga haitulii."

"Basi umeshajijibu, Baba Asnath."

"Nikifia Mpulungu, nani atanizika?"

Merina akacheka. "Shemeji Elikana, muulize kaka yako anakwenda kuuza chumvi au kutafuta kiwanja cha kaburi."

Mama hakucheka. Baba yetu alifia safarini upande wa Burundi wakati wa vita, na mwili wake haukupatikana. Wazee waliagiza shina la mgomba livikwe shuka jeupe, likazikwa badala yake ili msiba upate kwisha. Mchungaji wetu hapendi kusikia habari hizo, nami nafundisha Shule ya Jumapili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Elieza alikuwa darasa la pili. Yeye ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Mimi nilikuwa mgongoni mwa Mama.

Ndipo Elieza akatueleza alichokiona Kalemie. Mchukuzi mmoja mgeni, asiyejulikana kwao ni wapi, alianguka sokoni akafa. Wanawake wa soko walifunga meza zao, wakachanga, wakatafuta wanaume wa kumwosha, wakamsindikiza kwa nyimbo kama ndugu yao.

"Mahali kama hapo," alisema, "mtu anafanya kazi bila woga."

Merina alisonya, lakini alimfungashia nguo, yeye akabaki na biashara ya Kibirizi.

Duka la Kalemie halikumtajirisha. Lilimtosha. Mwaka huu, mvua za masika zilipoanza, homa ilimshika ghafla na haikumwachia. Simu ilipotufikia alikuwa amekwisha kuzikwa, maana hawakuwa na pa kumhifadhi mpaka sisi tufike.

Mama hakulia mbele za watu. Alisema tu, "Sitazika mgomba mara ya pili. Elikana, niletee mwanangu." Nilipokuwa napanda boti, majirani walikuwa wameanza kuchimba kaburi Gungu.

Kalemie nilipokelewa na Mama Jovita, muuza unga ambaye meza yake ilipakana na duka la kaka. Alinipeleka makaburini. Pale palikuwa pamefagiliwa, na msalaba wa mti ulikuwa na jina lake lote. Nilimwomba Mungu anipe ulimi, kisha nikasema, nikitazama chini, kwamba nimetumwa nimfukue nimrudishe kwao. Nilitegemea ugomvi.

"Ni wenu," akasema. "Mama yake akimutaka, tutamutoa. Hatuwezi kukunyima ndugu yako."

Nilipopata kibali cha kufukua, walikuja asubuhi, yeye na wenzake, majembe mabegani, soko wamelifunga tena. Mmoja alileta shuka jipya la kumfunika njiani. Walijipanga wakinisubiri niseme tuanze.

Nikampigia Mama, nikamweleza ninachokiona. Akataka kusema na Mama Jovita. Nikaweka sauti ya nje.

"Nani alimwosha?" Mama akauliza.

"Mume wangu, na shemasi wa kanisa. Kwa maji ya moto, Mama."

"Maji baridi alikuwa hayawezi. Tangu mdogo."

"Tunajua. Kila asubuhi alikuwa anatusumbua na ndoo yake ya maji ya kuoga, aomba jiko la huyu, aomba jiko la yule."

Mama akaniita mimi.

"Waambie waweke majembe chini," akasema. "Nimewatoa kwenye kazi zao bure. Na wewe Elikana, usikate simu."

Wanawake wakaketi kuzunguka kaburi, wakaanza wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Nikapiga magoti, nikaisogeza simu karibu na udongo, nikaishika hivyo mpaka salio likaisha.