Aliyoyasema Kaka Nyuma ya Shingo za Watu

Nyumbani tulimwita Bubu. Kaka yangu alikuwa kinyozi, na akirudi jioni ukimuuliza habari za kazi alijibu, "Salama tu," akavua viatu, akala, akalala. Moyo wake ulisimama ghafla, na tangu tumzike, mama ana swali moja: mwanangu alijua kuwa anaumwa? Na kama alijua, mbona hakuniambia mimi niliyemzaa?

Nilikwenda kufunga kibanda chake. Fundi viatu wa mlango wa pili akanipa pole.

"Redio wetu ametuacha, dada."

"Redio gani?"

"Si kaka yako? Ukikalia tu kile kiti, anafungua stesheni."

Nilidhani ananitania msibani. Lakini alinieleza kila kitu: maumivu ya kifua, aliyoambiwa na daktari, na jinsi kaka alivyoogopa kulala asije asiamke. Mambo hayo alimsimulia akimnyoa ndevu.

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nimjibu nini, na wembe uko kooni? Ukifungua mdomo unachinjwa. Unatulia kama maji ya mtungi. Akimaliza anakupangusa shingo, anaita mwingine."

"Na huyo mwingine naye?"

"Naye anapewa habari."

Nilikaa kwenye kile kiti nikashindwa hata kulia. Sikujua nimkasirikie marehemu au nimshukuru Mungu kwamba hakubeba mzigo ule peke yake. Kwetu majibu hayakosekani. Mama ana dawa ya kila ugonjwa, mimi nina aya ya kila hofu. Labda ndiyo sababu. Labda siyo. Nimeomba sana nifunuliwe, na bado sielewi mtu anawezaje kula sahani moja nasi huku roho yake ameiacha kazini.

Nilirudi nikamwambia mama, "Alijua."

"Alimwambia nani?"

"Wateja."

"Watu baki?"

"Watu baki, mama."

Alikunja khanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. Nilingoja alalamike.

"Kamlete huyo fundi viatu," akasema. "Aniambie yote. Mwambie sitamkatiza."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

"Lakini muulize kwanza, huko kazini alikuwa anakula vizuri?"